Binti Abdallah wa Bonde la Ufa

Septemba 1897, askari wapatao mia tatu walikuwa wamepiga kambi Eldama Ravine, ngome iliyojengwa kwenye ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Mji wa Nakuru haukuwapo bado. Mahali pake palikuwa na ziwa, vumbi la magadi na malisho ya Wamasai, na upande huo wote ulihesabiwa kuwa Uganda. Haukuhamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mpaka 1902. Askari hao walikuwa Wanubi, Waislamu wenye asili ya Sudan, mabaki ya jeshi la gavana Emin Pasha ambao ofisa Mwingereza Lugard aliwachukua karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawaingiza katika utumishi wa Waingereza. Sasa walitakiwa wamfuate Meja Macdonald kaskazini. Kwa maneno ya rasmi, safari ilikuwa ya kutafuta chanzo cha mto Juba. Kwa siri, ilikuwa ya kuwatangulia Wafaransa kwenye mto Nile.

Waligoma. Walikuwa wamechoka kwa kuzungushwa kutoka vita hadi vita. Mshahara wao ulikuwa rupia 4 kwa mwezi, nao mara nyingi ulilipwa kwa vitambaa na kwa kuchelewa. Lakini palikuwa na jambo jingine ambalo wanahistoria wa kijeshi hulitaja kwa nusu sentensi kisha wakalipita: waliamriwa wasafiri bila wake zao, na hilo hawakulikubali. Wakaondoka Ravine kwa nguvu, wakapita Nandi na Mumias mpaka Busoga, wakaiteka ngome ya Lubwa na kumuua Meja Thruston aliyekuwa mkuu wao. Moto huo ulichukua miezi mingi ya 1898 kuzimwa, tena kwa msaada wa majeshi yaliyoletwa kutoka India.

Mimi nakaa kwenye ile nusu sentensi, kwa sababu historia ya ndoa ya Kiislamu katika bonde hili haikuanza msikitini wala kortini. Ilianza na wanaume wenye bunduki wakidai wake zao.

Na hao wake walikuwa kina nani? Lugard alipowahamisha Wanubi, askari walikuwa wachache kuliko kundi lililowafuata: maelfu ya wanawake, watoto na watumishi. Wengi wa wanawake hao walitekwa vitani Sudan ya kusini, Bunyoro na kwingineko. Vitabu vya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, vina majina mawili kwa mwanamke wa namna hiyo. Akiolewa kwa walii (msimamizi anayemwozesha), mashahidi na mahari, ni mke. Akimilikiwa, ni suria, na akimzalia bwana wake mtoto, hauzwi tena. Bwana akifa anakuwa huru, na mtoto wake ni wa halali kama watoto wa mke. Mwezi wa Aprili mwaka uleule wa 1897, Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri ya kuondoa utumwa kisheria, lakini masuria wakaachwa nje ya amri hiyo kwa hoja kwamba wao ni watu wa nyumbani, kama wake. Zanzibar iliwafikia mwaka 1909 tu. Ofisa wa Kiingereza aliyesimama Ravine aliona kundi la wanawake wanaochelewesha msafara. Askari aliona nyumba yake. Mwanamke mwenyewe aliona nini, hakuna aliyemwuliza wala kumwandika, na pengo hilo litatufuata katika kisa hiki chote.

Wanubi hawakuwa Waislamu wa kwanza kupita hapa. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilikuwa ikipanda mpaka Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, kutafuta pembe. Jumbe Kimameta wa Pangani alifuatana na msafiri Joseph Thomson mwaka 1883, na baadaye na msafiri mwingine, Count Teleki. Ila msafara hupumzika, hununua chakula, huondoka. Wanubi walibaki. Mpaka leo wako Eldama Ravine, wajukuu na vitukuu vya askari na vya wale wanawake waliokatazwa kusafiri.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukatangazwa rasmi mwaka 1904. Reli ilileta Waislamu wa aina nyingine: Wapunjabi, waliokuwa mafundi, makarani na wenye maduka, pamoja na Waswahili wa Pwani, Wasomali wa biashara ya ng'ombe na Wakomoro. Mzungu alichukua mashamba, kuanzia Njoro kwa Lord Delamere mpaka Naivasha. Mhindi akapewa barabara ya maduka. Mwafrika wa mjini akasukumwa Bondeni, na Bondeni ndiko Uislamu wa Kiafrika wa Nakuru ulikojenga makao.

Tusidhani kwamba Waislamu hao walikuwa na kanuni moja ya ndoa. Mswahili na Msomali ni wa madhehebu ya Shafi, Mnubi amelelewa katika ya Malik, Mpunjabi ni wa Hanafi. Kwa Shafi na Malik, mwanamke haozeshwi bila walii. Kwa Hanafi, mwanamke mtu mzima mwenye akili timamu anaweza kujifungia ndoa yake mwenyewe. Katika kijiji cha watu wa madhehebu moja, tofauti hiyo ni ya wanafunzi wa chuo. Katika mji wa reli ambamo fundi Mpunjabi anaposa msichana aliyetoroka kwao Nyeri, ni swali la kama wameoana au wanazini.

Serikali ya kikoloni nayo ilikuwa na daftari. Ndoa za Kiislamu zilitambuliwa kwa sheria ya mwaka 1897, mwaka 1906 ikatungwa sheria ya kuziandikisha pamoja na talaka, na mwaka 1920 ikafuata nyingine juu ya ndoa, talaka na mirathi. Linganisha na yaliyowapata wengine. Mwaka 1917, katika kesi ya Amkeyo, Jaji Mkuu Hamilton aliamua kwamba mwanamke aliyeolewa kwa mila ya Kiafrika si mke machoni pa sheria ya ushahidi. Kwake, mahari ya mifugo ilikuwa ununuzi. Kwa hiyo wanawake wawili wangeweza kuishi nyumba mbili zinazotazamana mtaani, mmoja ameolewa kwa mbuzi na pombe ya wazee, mwingine kwa Fatiha na cheti. Korti ikamwita wa pili mke, na wa kwanza haikumpa jina. Sisemi watu walisilimu kwa ajili ya karatasi. Nasema karatasi ilikuwapo, na watu wa mjini huona karatasi upesi.

Mtu akisilimu hupewa jina jipya, na kwa kuwa baba yake si Mwislamu, kwa desturi huitwa mwana wa Abdallah, yaani wa mja wa Mungu. Miji ya bara ikajaa akina Fatuma binti Abdallah, Halima binti Abdallah, Mariamu binti Abdallah. Ukilitazama jina hilo kwa haraka ni adabu ya dini tu. Ukilitazama kwa jicho la mwanasheria, limebadilisha mambo matatu makubwa katika maisha ya mwanamke.

Kwanza, baba asiye Mwislamu hawezi kuwa walii wa binti Mwislamu. Asiye na walii, walii wake ni mwenye mamlaka, yaani kadhi au anayeshika nafasi yake. Msichana aliyekimbia kuozwa kwa mzee aliweza kuolewa Bondeni kwa idhini ya shehe bila baba yake kuulizwa. Pili, mahari ya Kiislamu ni mali ya mwanamke mwenyewe. Ndizo shilingi zake, si mbuzi za baba wala ng'ombe wa kumwolea kaka. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Binti Abdallah akifa na nyumba, baba yake na kaka zake wa kule kijijini hawana fungu.

Jambo la nyumba si dogo. Mtaa uliochunguzwa kwa karibu zaidi ni Pumwani ya Nairobi, ulioanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwanaanthropolojia Janet Bujra aliandika mwaka 1975 juu ya wanawake wenye mali wa Nairobi ya zamani, na mwaka 1990 Luise White akatoa kitabu chake kuhusu wanawake waliouza miili yao katika mji huohuo. Wote wawili waligundua kitu ambacho wakuu wa wilaya walikuwa nacho madaftarini bila kukielewa: wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake kwa takribani watu wanne katika kila kumi. Wengi wao walianza kwa kuuza pombe, kupika chakula, kufua nguo na kulala na wanaume kwa malipo, wakaweka akiba, wakajenga nyumba ya Kiswahili ya udongo na ukumbi wa kati, wakapangisha vyumba. Na wengi walisilimu. White alieleza kwamba Uislamu uliwasaidia kuiondoa mali yao mikononi mwa ukoo na kumwachia waliyemchagua. Fiqhi inaruhusu kumwusia asiye mrithi mpaka theluthi ya mali, na mtu aliye hai anaweza kutoa zawadi au kuweka wakfu. Kanuni iliyosomwa Pumwani ni ileile iliyosomwa Bondeni.

Najua msomaji mcha Mungu ataguna hapa. Mwanamke aliyepata mtaji kwa zinaa, kisha akajisitiri kwa dini inayoikataza zinaa? Lakini dini hiyo inafundisha pia kwamba anayesilimu hufutiwa yaliyotangulia, na kwamba mlango wa toba hauna bawabu. Aliyeitwa malaya na askari wa manispaa, na mpotevu na wazee wa kwao, aliweza kuanza upya mtaani kama bibi mwenye nyumba, aliyejifunga buibui, anayefunga Ramadhani na kualikwa maulidini. Akifa atakoshwa na wanawake wenzake, atavikwa sanda na kuswaliwa. Kwa mtu ambaye ukoo umemkataa, uhakika wa nani atakayemzika haukuwa kitu kidogo.

Wazee wa kwao hawakulala. Katika miaka ya 1940 vyama vya kikabila mijini, Luo Union kikiwa mstari wa mbele, viliwakamata wasichana na kuwarudisha mashambani kwa nguvu ili kulinda heshima ya kabila. Msichana aliyekuwa na mume mwenye cheti cha nikaha, au bibi mwenye nyumba wa kusema huyu ni mwanangu, alikuwa na la kujibu mlango ulipobishwa.

Lugha pia ilibeba kanuni za nani alale na nani. Mwanamke wa Kiswahili humwita rafiki yake wa ndani shoga, mtu wa kusukana naye nywele na kumwambia siri za chumbani. Neno hilohilo, likielekezwa kwa mwanamume, humaanisha anayelala na wanaume. Fiqhi haikuacha shaka juu yake: kitendo ni haramu. Lakini fiqhi huhukumu kitendo kilichoonwa na mashahidi, na inakataza kupeleleza yaliyofunikwa. Gill Shepherd aliandika mwaka 1987 kuhusu Mombasa kwamba nafasi ya mtu katika jamii ilitegemea zaidi cheo na mali kuliko aliyelala naye. Adhabu ya jela haikutoka kwa kadhi, ambaye Kenya haijampa mamlaka ya jinai. Ilitoka India: kanuni za adhabu za huko zilitumika hapa tangu 1897, zikafuatwa na kanuni za mwaka 1930, na kifungu chake cha 162 bado kinasimama na miaka 14 yake. Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Mashehe na maaskofu, ambao mwaka 2010 waligombana vikali juu ya mahakama za kadhi, katika hili walisimama upande mmoja wakitetea kifungu kilichoandikwa na wakoloni.

Kuna mtu mwingine ambaye vitabu vya zamani vilimjua vizuri kuliko serikali: khuntha, aliyezaliwa na maumbile yasiyo wazi ya kiume wala ya kike. Mafakihi walimjadili bila kuona haya. Atasimama safu gani msikitini? Atarithi fungu la mwana wa kiume au la binti? Kwa Shafi, hupewa lile fungu dogo lenye uhakika, na linalobaki huwekwa mpaka hali yake ibainike au warithi wapatane. Si haki kamili, nakubali, lakini ni kumhesabu. Kenya ilimhesabu kwa mara ya kwanza katika sensa ya 2019, ikapata watu 1,524, Nakuru ikiwa miongoni mwa kaunti zenye idadi kubwa zaidi. Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo iliyowataja watoto hao kwa jina.

Turudi kortini. Wakati wa ukoloni, mahakama ya kadhi ilikuwa kitu cha Pwani, ndani ya ule ukanda wa maili kumi wa Sultani wa Zanzibar. Waislamu wa Nakuru walikuwa na mashehe wa kuozesha na kusuluhisha, na serikali yenye daftari. Oktoba 1963, kabla ya uhuru, Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte wa Zanzibar waliandikiana kwamba mahakama hizo zitadumu, na Sheria ya Mahakama za Kadhi ya 1967 ikawafungulia njia makadhi kuhukumu bara. Leo Nakuru ina kadhi wake, anayesikiliza ndoa, talaka na mirathi pale wote wanaohusika ni Waislamu. Mwaka 2010 makanisa yalipinga vikali kadhi kutajwa katika Katiba, na Bonde la Ufa kwa jumla likapiga kura ya La, ingawa kwa sababu nyingi, ardhi ikiwa juu ya zote. Katiba ikapita. Kifungu cha 24 kikakubali usawa ulegezwe mbele ya kadhi kwa Waislamu, kwa kiasi kile tu kinachohitajika.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 2021, ni mahali ambapo Mkikuyu, Mkalenjin, Msomali, Mluhya na Mhindi wanapanga ploti moja. Hapo kanuni za fiqhi juu ya nani anaweza kumpenda nani zinafanya kazi kila siku. Mwanamume Mwislamu anaruhusiwa kuoa Mkristo kwa kuwa ni mtu wa Kitabu. Mwanamke Mwislamu haruhusiwi kuolewa na Mkristo mpaka mwanamume asilimu. Kwa hiyo posa ya msichana wa Bondeni kwa kijana wa Lanet huanza kwa shahada, au haianzi. Na kijana aliyesilimu Ijumaa ili aoe Jumamosi ndiye mada ya mizaha isiyokwisha katika vibaraza vya kahawa, ingawa baadhi yao ndio wanaoonekana miaka 20 baadaye wakishika safu ya mbele msikitini.

Naye mke Mkristo wa mume Mwislamu ni mke halali kabisa, ana mahari yake na matunzo yake. Mume akifa, hamrithi. Ule ukuta uliomlinda binti Abdallah dhidi ya kaka zake, huyu unamwacha nje. Anaweza kuandikiwa wasia wa mpaka theluthi, kama mume alikumbuka. Wengine husilimu kwa imani, wengine baada ya kupigiwa hesabu hii na shangazi wa mume.

Juu ya mirathi, Bunge lilipitisha mwaka 1972 sheria moja kwa Wakenya wote, ikaanza kutumika 1981. Waislamu wakaikataa, mpaka mwaka 1990 ikarekebishwa kuwaachia fiqhi yao. Jambo likatulia, au lilionekana kutulia. Mwishoni mwa Juni 2025 Mahakama ya Juu, katika rufaa iliyotoka Pwani, iliamua kwamba kuwanyima watoto urithi wa baba Mwislamu kwa sababu tu wazazi wao hawakuoana kwa nikaha ni ubaguzi usioruhusiwa na Katiba. Viongozi wa Kiislamu waliupinga uamuzi huo kwa nguvu, wakisema majaji wameingia ndani ya nyumba isiyo yao.

Katika mjadala huo wote sikusikia akitajwa yule mwenye nyumba wa majengo ya zamani. Fiqhi inasema mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana nasaba kwa baba, lakini kwa mama ni mtoto kama mwingine yeyote: anamrithi, naye humrithi yeye. Kesi ya 2025 ilihusu mali ya mwanamume. Binti Abdallah alikuwa na vyumba sita vyake mwenyewe, kodi ikikusanywa kila mwisho wa mwezi. Kama mwanawe alitamka shahada kama yeye, aliichukua nyumba ya mamake pasipo korti kumwuliza babake ni nani.